Vichwa Kumi na Viwili na Kaye Moja

Mama yangu alisuka nywele hapa Kindu, kwenye ua wetu wa Mikelenge, tangu kabla sijazaliwa hadi macho yalipomkataa, na leo huwezi kuona hata kichwa kimoja alichokisuka. Picha hakuna. Vyote vilifumuliwa, vingi alivifumua mwenyewe, kwa furaha ile ile aliyovisukia. Watu wakiniuliza mama yako aliacha nini, kwanza nacheka, halafu nakasirika, halafu nawaambia wakae niwasimulie habari ya kaye. Kaye ndivyo tulivyoliita daftari la shule.

Basi kaa nawe, lakini kwanza lazima ujue alivyokuwa akisuka.

Mkeka ulitandikwa upande wa kivuli cha nyumba. Ulikaa chini, mama akakaa nyuma yako juu ya kibao, magoti yake yakakubana masikio. Kitana hakukigusa bado. Aliweka vidole vyote kumi juu ya kichwa chako, akatulia, akauliza, "Habari ya jana?" Ya leo hakuitaka. Alisema ya leo haijaiva. Ukaanza kusimulia, na huku unasimulia vidole vikaanza kutembea, kitana kikapasua njia, uzi mweusi ukazunguka nywele tuta baada ya tuta, na wewe hukujua kinachotoka mpaka mtu akuletee kioo.

Kulikuwa na mwanamke aliyetoka Kibombo na magunia yake ya mchele, gari la moshi likamlaza njiani siku mbili. Alisimulia kwa matusi mengi. Alipoinuka kichwani mwake kulikuwa na njia moja iliyonyooka toka kwenye paji la uso, ikafika katikati ya utosi, ikasimama pale bila sababu, kisha mbele kidogo ikaanza tena. Wanawake wa ua mzima walicheka mpaka wakashikana. Kichwa kile kikaitwa Gari Imelala. Mwingine mke mwenzake alikuwa amefungasha vyombo na kwenda zake, naye akapata vitawi vya nywele vimesimama wima vyote, upande mmoja wa kichwa ukiwa na nafasi kubwa, kweupe. Hicho kiliitwa Mke Mwenza Amehama. Kulikuwa na Mvua ya Kalima, kulikuwa na Shemeji Harudi. Wiki mbili, tatu, kinafumuliwa, nyuzi zinaoshwa, na hakikurudi. Hata ungelia hakikurudi, kwa sababu jana yako ilikuwa nyingine.

Na hapa ndipo wageni wananikatiza. Sisi ni watu wa msikiti, tangu enzi za wazee waliofika na misafara ya pwani. Mwanamke akimaliza kusukwa alijifunga kitambaa chake, akatoka mlangoni, na barabara nzima ya Mikelenge ikaona kitambaa tu. Niliwahi kumuuliza mama, nikiwa mdogo, kwa nini anajisumbua hivyo na kitu cha kufunikwa. Hata hakuacha kuzungusha uzi.

"Mi najua," alisema. "Na ile kichwa inajua."

Jibu hilo halikunitosha. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, mwanafunzi, mwenye rula na kalamu mbili za rangi, na kiburi cha kutosha kuwagawia majirani. Siku moja mama alinifumua kichwa nilichokipenda kuliko vyote, nami nikalia kwa hasira. Nikaapa kwamba hakitapotea kingine. Nikanunua kaye ya mistari ya miraba, nikaanza kuchora. Kila kichwa kilichoinuka kwenye mkeka nilikishika shavu, nikakigeuza huku na huku, nikahesabu njia, nikapima kwa rula, nikachora mbele, nyuma na ubavuni. Juu ya kila mchoro niliandika namba. Majina sikuyaandika, niliyaona ya kihuni. Nilifika arobaini na mbili. Nakwambia, nilivimba kichwa mimi mwenyewe. Nilidhani nimemwokoa mama yangu.

Wanawake waliipenda kaye hiyo kupita kiasi. Walikaa mkekani, wakaipekua, wakaweka kidole. Nipe kumi na moja. Nipe thelathini, lakini fupi. Mama alitazama mchoro, akasuka, na kikatoka kama kilivyo, njia kwa njia. Nilizunguka na rula yangu kuhakikisha. Hakuna aliyesimulia jana yake tena, ya nini, wakati namba ipo? Mama naye akaacha kuuliza. Alikuwa na tabia ya kuguna wimbo fulani wa harusi akisuka, sikuona ulipokoma. Niliona tu kwamba anamaliza upesi, nikafurahi kwamba nimemrahisishia kazi.

Siku moja alinitazama juu ya kichwa cha mtu akasema, "Niko napasha bugali ya jana." Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Ndipo alipoingia mama mkuu wa animasyo.

Kwa mtu aliyezaliwa juzi nieleze. Wakati ule wa Zaire Chama kilikuwa kimoja, na kila mtu alikuwa ndani yake, hata mtoto aliye tumboni. Mkubwa yeyote akifika lazima achezewe na kuimbiwa, na huko kucheza na kuimba ndiko kulikoitwa animasyo. Kundi la wanawake wa mtaa wetu lilikuwa na watu kumi na wawili pamoja na mkuu wao, mama mmoja mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alitembea akiwa amevaa kitenge chenye uso wa Mkubwa mwenyewe, rais wa nchi, mgongoni. Mtu alimwamkia "sitwayeni", yaani mwananchi, kama Chama kilivyotaka, hata kama walikuwa wamekua pamoja.

Alisimama uani, akaomba kaye. Habari za kaye hiyo zilikuwa zimemfikia. Alisema Jumatatu kuna mgeni mzito anashuka na ndege kutoka Kinshasa, uwanja wa mpira umekwisha fyekwa, na kundi la ng'ambo ya mto limejisifu kuwa litatushinda. Akapekua, akaweka kidole chake kirefu kwenye namba saba.

"Sitaki kila muntu na yake," alimwambia mama. "Nataka kichwa moja, mara kumi na mbili."

Namba saba ilikuwa Mke Mwenza Amehama. Nilimtazama mama, mama akatazama chini, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia. Kisha yule mama akanigeukia mimi. Kwa kuwa nimesoma, alisema, nitakagua kila kichwa kwa rula, na kikienda kombo ataniuliza mimi. Nilisimama wima nikajibu ndiyo, sitwayeni. Nilifurahi mno. Kaye yangu ilikuwa inakwenda kucheza mbele ya mgeni wa Kinshasa.

Alipotoka, mama alibaki ameshika kitana, anakigeuza mkononi. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba kazi ya Chama haikataliwi na ataifanya. Halafu akaongeza, "Nikimaliza hivi vichwa, kitana naichomeka mu paa. Sitasuka tena."

Nilingoja acheke, hakucheka. Aliingia ndani kupika, nami nikabaki uani na kaye yangu mkononi, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi ua wetu ulivyokuwa kimya. Wimbo wa harusi ulikuwa umekwenda tangu lini? Nilijaribu kukumbuka, nikashindwa. Niliogopa. Mtoto anaweza kuvunja sahani, anaweza kumwaga mafuta, lakini hili sikujua hata linaokotwaje.

Alhamisi akaja mkuu mwenyewe, awe wa kwanza. Alikaa mkekani mgongo umenyooka, hakusema neno, mama naye hakuuliza. Nilishika kaye mbele ya macho ya mama, akasuka akitazama mchoro. Njia tisa, vitawi kumi na nane, upande wa kushoto wazi. Nilipima kwa rula, hakuna kasoro hata ya unene wa uzi. Mkuu alijitazama kwenye kioo, akatikisa kichwa kuridhika, akajifunga kitambaa, akaenda. Mama alijinyoosha mgongo akasema vimebaki kumi na kimoja, sauti yake imekufa.

Ijumaa, baada ya wanaume kurudi msikitini, akaja wa pili, jirani yetu, mke wa fundi wa reli. Huyu hawezi kukaa kimya hata akiwa na jipu ulimini. Kabla hajatulia mkekani alikuwa amekwisha geuza shingo kutazama kama kuna mtu njiani. Kisha akaanza kunong'ona. Kile kitenge chake cha Chama, cha kuchezea Jumatatu, alikuwa amekianika jana kwenye kamba. Mbuzi wa mtu akaja. Mbuzi akakitazama kitenge chote, chenye nyuso nyingi za Mkubwa, akachagua mmoja. Akaanza na sikio.

Mama alisema, "Nyamaza, jirani yangu, utatufungisha." Lakini mabega yake yalianza kutikisika.

Jirani akaendelea. Alimkimbilia mbuzi, mbuzi akakimbia na sikio mdomoni, akatafuna mbele ya mlango wa mkuu wa mtaa, akimtazama jirani machoni. Amerudi amekikunja kitenge, amekishona kwa ndani, na Jumatatu atacheza ameficha ile sehemu chini ya mkono, wala asiinue mkono wa kushoto hata waimbe nini. Sisi watatu tulikuwa tunakufa. Kicheko cha wakati ule kilipaswa kuzibwa kwa kanga, na kicheko kilichozibwa ndicho kinachoumiza mbavu. Nikafuta machozi, nikainua kaye, nikatazama kichwa. Njia ya tatu ilikuwa imepinda. Ilikwenda vizuri, halafu ikang'atwa, nusu duara safi, ikaendelea.

"Mama," nilisema, "njia ya tatu imepinda."

"Naiona. Mbuzi ilipita hapo."

Na hakuinyoosha. Niliona mkono wake wa kulia umeacha kuutazama mchoro, unakwenda peke yake, na mdomoni mwake umerudi ule wimbo, taratibu, pua tupu. Nilikuwa na rula mkononi, na ahadi niliyompa sitwayeni, na nilijua Jumatatu nitaulizwa mimi. Bado nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilitaka kukimbia kuzunguka nyumba. Mama akanitazama.

"Funga ile kaye. Inaniangalia."

Nikaifunga, nikaikalia.

Jumamosi, baada ya ile kazi ya asubuhi ya kufagia barabara iliyoitwa salongo, wakaja wanne na majembe yao. Jumapili wakaja waliosalia, wengine wakitoka moja kwa moja misa na nguo zao za kanisani. Mama aliweka vidole kumi, akauliza habari ya jana, nao, waliozoea namba, walishangaa kidogo, halafu wakamwagika. Mmoja jana alikuwa amepata barua ya mwanawe baada ya kukata tamaa. Mmoja mtumbwi ulimchelewesha ng'ambo, akashuhudia wavuvi wawili wakigombania samaki ambaye alikuwa amekwisha toroka. Mmoja hakuwa na jana yoyote, alilala tu kwa homa, na mama alimsuka kichwa laini, njia pana zenye kupumzika. Kila kimoja kilianza kama namba saba. Nakuapia, mama alijaribu kila mara. Njia mbili za kwanza zilikuwa sawasawa na za mkuu, na baada ya hapo kila mtu na njia yake. Baba alirudi kutoka stesheni, akaona vichwa vitano uani, kila kimoja na njia zake, akaelewa papo hapo. Akasema anawahi msikitini, na adhana ilikuwa bado saa nzima.

Jumatatu asubuhi mkuu wa animasyo aliwapanga nyuma ya darasa moja karibu na uwanja wa mpira. Mimi na mama tulikuwepo, mimi na kaye kwapani. Akawaamuru wavue vitambaa.

Akapita. Mbele ya mke wa fundi akasimama, akainama, akatazama lile jino la mbuzi. Akaenda kwa anayefuata. Akarudi nyuma. Akaenda hadi mwisho wa mstari, na sikumbuki kuona mtu akitembea polepole vile. Halafu akatugeukia.

"Saba iko wapi?"

Mama alisogea mbele yangu. Alisema kaye haina kosa na mtoto hana kosa. Ni mkono wake uliomshinda, na kama kuna wa kuandikwa kwa makosa huko Chamani aandikwe yeye.

Sijui nini kingetokea, maana hapo hapo kijana wa ofisi ya Chama alifika mbio amebeba katoni kichwani. Ndege ya jana yake ilileta fulari mpya za kijani, vitambaa vya kichwani, na amri: mbele ya mgeni asionekane mwanamke kichwa wazi. Wote wafunge, fulari moja, namna moja. Mkuu alisimama akiwa na katoni miguuni. Aliinama, akachukua fulari, akajifunga wa kwanza. Wengine wakafuata. Baada ya dakika mbili vichwa vyote kumi na viwili vilikuwa kimoja kama alivyotaka, na mama yangu akageukia ukuta wa darasa, mabega yakitikisika.

Wakacheza. Mgeni alikaa kivulini na saa yake, akaona kijani tupu. Lakini mimi nilikuwa najua. Nilijua ni nini kiko chini ya kila fulari, nikawatazama mmoja mmoja, na sijaona animasyo kama ile, kabla wala baada. Yule wa barua aliimba hadi sauti ikapasuka. Yule wa homa, aliyekuwa akiburuta miguu kwenye mazoezi, alikuwa akitabasamu na kitu chake mwenyewe. Mke wa fundi alipiga hatua ambazo hakufundishwa na mtu, mkono wa kushoto umebana ubavuni. Walikuwa wameficha kitu kila mmoja na kila mmoja alijua mwenzake pia ameficha, wakawa wanatazamana na kucheka katikati ya nyimbo za kumsifu Mkubwa. Kundi la ng'ambo lilikuwa mahiri kuliko letu, mikono yao ilipanda na kushuka pamoja. Ila watu uwanjani waliwatazama wetu.

Mkuu peke yake alicheza bila kosa. Baadaye, watu wakitawanyika, alikuja hadi aliposimama mama. Nilikaza kaye kwapani. Aliinama sikioni mwake, nami nilikuwa karibu nikasikia.

"Yangu tu njo haina kitu ndani."

Jumatano alikuja, bila kitenge cha Chama. Mama alimfumua kwanza, nyuzi zote, na kuziosha kwenye beseni. Akampaka mafuta ya kokwa za michikichi. Nilimwona anasogeza kibao chake karibu, anaweka vidole vyote kumi. Akauliza. Yule mama mwenye sauti ya kuamsha kijiji alikunja na kukunjua kitambaa chake mapajani, nami nikafikiri ataomba kaye.

"Jana nilipika sombe ya watu sita," alisema mwishowe. "Sijui kwa nini. Watoto wote wako Kalima. Nikakula peke yangu."

Kitana kikaanza. Kilichotoka sitakieleza. Alipojiona kwenye kioo hakutikisa kichwa kuridhika. Alikishika kichwa chake kwa viganja viwili. Kisha akajifunga kitambaa akaenda nyumbani.

Kitana hakikuchomekwa kwenye paa. Kuhusu kaye, hakuna aliyenigombeza. Mama aliiomba wiki hiyo hiyo, kwa adabu, akaanza kuchana ukurasa baada ya ukurasa, akiviringisha kila mmoja kuwa kijiti kigumu cha kuzungushia uzi. Ilifaa sana. Nilikaa naye, nikamsaidia kuviringisha, namba zikiingia ndani.

Miaka mingi imepita, nchi imebadilisha jina. Mimi nilikuwa mwalimu, nikafundisha watoto kupiga mistari kwa rula, na binti zangu nimewasuka sikuzote kwa kuiga, njia zilizonyooka, za kawaida. Mkono wangu haukuwahi kunikimbia. Nilikubali kwamba kile kilikuwa cha mama.

Mama alipofariki, waosha maiti waliniita ndani. Ni desturi yetu, nywele za marehemu mwanamke zinaoshwa, zinasukwa mikia mitatu, zinalazwa nyuma, halafu sanda. Mwana ndiye anayestahili. Nywele zilikuwa nyeupe, chache. Bibi mzee mmoja wao alinikumbusha kwa upole kwamba ni mitatu tu, ya kawaida, na haraka, watu wanangoja kumswalia.

Niliweka vidole kumi juu ya kichwa cha mama yangu. Sikupanga kuuliza habari ya jana, midomo ilijiendea yenyewe. Na jana yake niliijua mimi. Jana alikuwa amekula vijiko viwili vya uji wa mchele, akaniambia umekosa chumvi kama kawaida yangu, akacheka, akaniomba nimgeuzie uso upande wa mlango, aone uani.

Nikasuka wa kwanza, ukanyooka. Nikasuka wa pili. Kwenye wa tatu mkono wangu ukageuka. Niliusikia ukigeuka, kuelekea mlangoni, na sikuuzuia. Yule bibi aliona, akanitazama, akaniuliza kama ni mitatu. Nikamwambia ni mitatu. Akachukua sanda, tukafunika.

Sikuuchora popote. Mi najua, na ile kichwa inajua.